Hatoki Mtu Kabla ya Idi

Abu Hamour, Doha
14 Machi 2010

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa na sukari haijapanda. Sisi huku hatujambo, mimi na mkwe wako Idrisa, ila vumbi la wiki hii limetufanya tupige chafya kutwa. Barua nampa Kassim wa jikoni, tunafanya naye kazi hoteli moja hapa Al Sadd, anakuja Tanga likizo. Mpe chai. Kijana mzuri, ila anasema sana. Najua wewe simu huipendi. Unapiga kelele kama unaniita kutoka mtaa wa pili, na laini inakatika kabla hatujafika kwenye la maana.

La maana ni hili. Mama, nina mimba. Inakwenda mwezi wa nne. Sikukuambia mapema kwa sababu ya zile mbili zilizotoka, niliogopa kukuliza mara ya tatu. Daktari anasema safari hii imeshika vizuri, nitajifungua mwishoni mwa mwezi wa nane, ndani ya Ramadhani.

Sitaki kuzunguka, nakutaka uje. Hospitali za huku nzuri, lakini siku ya pili unarudishwa nyumbani na mfuko wa dawa, basi. Nani atanikanda na maji ya moto? Nani atanifunga tumbo, anipikie uji wa pilipili manga, anigombeze nisikanyage sakafu ya baridi? Nataka arobaini yangu nikae na mama yangu. Nikiwaza kukaa peke yangu naogopa, nakwambia kweli.

Idrisa ameshauliza. Kumleta mzazi, watu wa viza wanataka barua ya kazini kwake, cheti changu cha kuzaliwa, na mkataba wa nyumba. Sisi wawili hatukuwahi kuulizwa mkataba, maana kila mmoja aliingia kwa kazi yake. Lakini mkataba tunao! Si uliniambia nisikae ugenini bila karatasi yenye muhuri? Nilikusikia. Mwenye nyumba wetu, Bwana Abdallah, mtu wa Pangani, alitugongea muhuri mkubwa wa zambarau, wa Kiarabu kabisa, na tukasoma Fatiha pamoja siku ya kuingia. Kwa hiyo hapo hapana shida. Wewe anza pasipoti.

Mwanao,
Arafa

*

Makorora, Tanga
2 Aprili 2010

Mwanangu Arafa,

Marahaba mama. Mimi mzima, goti ndilo hilo hilo, sukari usiniulize. Mwambie mkwe wangu salamu zake nimezipokea.

Loh, miezi minne! Kassim wa jikoni anajua, mimi niliyekuzaa sijui! Nililia, halafu nikakasirika, halafu nikaenda sokoni kununua pilipili manga. Huyo Kassim alikunywa vikombe vitatu na kunieleza habari za wafalme wote wa Arabuni, hata ubani ukazimika.

Nakuja. Hilo usiulize mara mbili. Picha za pasipoti nimeshapiga, nimetoka kama mtu anayetafutwa na polisi. Mkanda wa tumbo ninao, ule ule niliofungiwa mimi nilipokuzaa wewe.

Ila umenichekesha na hiyo mikataba. Huku kwangu vyumba vinne nimepangisha, sijawahi kumwandikia mtu hata mstari mmoja. Anayelipa anakaa, nikimchoka anatoka. Wewe nilikuambia utafute muhuri kwa sababu uko kwa watu. Hapa Makorora muhuri ni mimi mwenyewe.

Usinyanyue vitu vizito. Usikae na viatu virefu hapo mapokezi, waambie hao wa hoteli mama yako amekataza.

Mama yako,
Bi Husna

*

Abu Hamour, Doha
6 Mei 2010

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeicheka mpaka Idrisa akaja kuuliza. Pole na goti, na uache kubeba ndoo. Mwili wangu mzima, mtoto anacheza. Roho ndiyo haipo mahali pake.

Tulikwenda kuandikisha mkataba. Ndiyo mama, huku mkataba wa kupanga lazima uandikishwe serikalini, na anayewajibika kuuandikisha ni mwenye nyumba. Sheria yenyewe ni mpya, ina miaka miwili hivi. Bila hivyo ombi la viza halipokelewi. Karani, Msudani mpole, akaishika karatasi yetu, akaigeuza, akaigeuza tena. "Huyu Abdallah ni nani?" Idrisa akasema ndiye mwenye nyumba. Karani akasema, "Nyumba hii ni ya mwanamke wa Kikatari. Na huu muhuri ni wa karakana ya kuosha magari."

Nilitamani ardhi inimeze. Mimi, niliyehitimu madrasa kwa Maalim kule kwetu, sikuusoma muhuri! Niliona Kiarabu, niliona zambarau, nikaridhika. Kiarabu chetu mama tumefundishwa kukiheshimu kwanza, kukisoma baadaye.

Yule karani akanieleza taratibu. Mkataba ukiandikishwa, mwenye nyumba hawezi kukutoa kabla ya muda kwa sababu tu amekuchoka. Kodi hapandishi atakavyo. Kiyoyozi kikifa anatengeneza. Akiiuza nyumba, mnunuzi anakuchukua na wewe humo ndani mpaka mkataba uishe. Mkigombana, ipo kamati ya kusikiliza. Na mpangaji hana ruhusa ya kumpangisha mwingine bila idhini ya maandishi ya mwenye mali. Nikamuuliza, "Na sisi je?" Akaniangalia tumbo, akasema, "Dada, kwenye vitabu hivi nyinyi hamkai popote."

Jioni Idrisa akaenda kwa Abdallah. Kumbe na yeye kapanga! Alichukua vila nzima, akakata sebule na vyumba kwa mbao, akapata vyumba tisa, akatupangisha sisi sote watu wa Afrika Mashariki. Hakukana. Alisema, "Ndugu yangu, nikimwambia mama mwenye nyumba, sote tunalala nje." Idrisa akarudi nyumbani. Alipofika Doha, kabla ya mshahara wa kwanza, Abdallah ndiye aliyempa godoro na chakula, na Idrisa hajasahau. Anasema hawezi kumchoma mtu wa kwetu.

Basi sikai wala sisimami. Mlango ukigongwa nashtuka, nasema wametufuata kutukagua. Kiyoyozi chetu kimekufa tangu wiki iliyopita na nje panawaka. Jirani yangu wa ukuta wa pili, Proscovia, Mganda, ametuazima feni yake. Yeye mwenyewe ametoka hospitali juzi, amepasuliwa tumbo, anatembea ameinama. Nikamwambia chukua feni yako, akaniambia nyinyi mko wawili. Basi mimi namfulia nguo.

Mama, nifanye nini? Siku zinakimbia.

Mwanao,
Arafa

*

Makorora, Tanga
21 Mei 2010

Mwanangu,

Marahaba. Nimepokea barua asubuhi, najibu mchana huu huu, chakula kiko jikoni kinaungua. Sijambo. Pasipoti imetoka. Karatasi yangu iko tayari, ya kwako ndiyo haiko!

Mwambie Idrisa nampenda kwa adabu yake, lakini haya zake hazitanisafirisha. Godoro ameshalilipa kwa kukaa humo miaka yote na kutoa kodi. Hivi huyo Abdallah ndiye anayezaa?

Sasa nisikilize, nazungumza kama mwenye nyumba, si kama mama. Mpangaji akija kwangu na mumewe, wamesimama mlangoni, wamekunja uso, mimi naanza kutafuta la kuwajibu. Mpangaji mwanamke akija kwangu uani, amebeba sahani, akakaa mkekani, akaniuliza hali za watoto, nitamsikiliza mpaka mwisho hata kama sitaki. Huyo mwenye vila ni mwanamke. Basi usiende na Idrisa na makaratasi. Pika visheti. Vaa buibui safi. Uliza nyumba yake iko wapi, pita mlango wa wanawake, na tumbo lako litangulie mbele. Usimlaumu mtu. Sema una mama, unataka aje, na huna mkataba. Usiseme zaidi ya hapo mpaka akuulize.

Mimi huku najiandaa. Nyumba siwezi kuiacha na wapangaji peke yao, kwa hiyo mama yako mdogo Asha atahamia kuilinda. Nimemwambia Loice, yule mpishi wa shule ya chekechea, apishe chumba cha mbele mwisho wa mwezi huu. Ameuliza amekosa nini. Nikamwambia hujakosa, nina safari.

Pika visheti, usiunguze sukari.

Mama yako,
Bi Husna

*

Abu Hamour, Doha
15 Juni 2010

Mama,

Shikamoo. Uko salama? Mimi miguu imevimba kidogo, daktari anasema joto tu.

Nilikwenda. Idrisa sikumwambia, nilisema nakwenda kliniki. Mwenye nyumba anaitwa Umm Rashid, mtu mzima umri wako, mjane, anakaa hapa hapa Abu Hamour, mitaa michache kutoka kwetu. Mtumishi akanifungulia mlango wa wanawake, nikakalishwa kwenye kapeti na mabinti wa nyumba. Visheti vilikwisha kabla kahawa haijazunguka. Nilitumia Kiarabu cha hotelini na cha madrasa nikavichanganya, wakacheka, nikacheka na wao. Nikasema vile ulivyoniambia.

Akaniuliza, "Unakaa chumba gani kwenye nyumba yangu?" Nikasema cha tatu kati ya tisa. Mama, akaweka kikombe chini. Alikuwa anajua Abdallah anakaa pale na mke na ndugu zake. Tisa? Nikajua nimeshasema, neno halirudi. Akauliza ni watu wangapi, wametoka wapi, jiko liko wapi. Nikajibu yote. 

Hakunifokea. Alisema nyuma ya ukuta wa vila ana kibanda cha nje, wenyewe wanakiita mulhaq, chumba kimoja na jiko na bafu lake, mlango wake peke yake. Atatupa sisi, kwa jina la Idrisa, mwanawe akauandikishe mkataba serikalini. Nikataka kumbusu mkono.

Halafu akasema haandikishi kitu chochote kwenye kiwanja kile mpaka mbao zing'olewe na wote watoke. Wakaguzi wakija wakakuta vyumba tisa, atakayeulizwa ni yeye. Na akaniambia, "Wewe ni mama mtarajiwa, nakuachia uchague. Nimtume mwanangu awatoe wiki ijayo, au baada ya Idi? Wakitoka sasa, mama yako anawahi kuzaliwa kwa mtoto. Wakikaa mpaka Idi, atachelewa. Nijibu Ijumaa."

Mama, wako zaidi ya kumi. Hawana karatasi ila ile ya kuosha magari, kwa hiyo kamati haiwajui, hawana pa kushtaki. Nje jua linaua. Proscovia bado hawezi kubeba hata mkoba.

Nimemwambia Idrisa jana. Ametoka nje hajarudi mpaka alasiri. Aliporudi alisema, "Umekwenda bila mimi. Sasa jibu bila mimi." Kwa ukali sijamwona nao tangu tuoane.

Barua hii ikikufikia nitakuwa nimeshajibu. Najua ungesema nini. Niombee.

Mwanao,
Arafa

*

Makorora, Tanga
24 Juni 2010

Mwanangu Arafa,

Marahaba, marahaba! Alhamdulillahi! Visheti vimefanya kazi! Nilimwambia Asha, nikamwambia na muuza mkaa.

Najua umesema watoke wiki ijayo, kwa hiyo hapa sina wasiwasi tena. Usijilaumu mama. Watu wazima hao, watapata pengine, mji mkubwa. Mwenye nyumba akitaka nyumba yake ameitaka. Mimi Loice nilimpa mpaka mwisho wa mwezi uliopita, hakutoka, akawa ananiambia ngoja mvua ikatike, ngoja nipate chumba. Wiki iliyopita nikamtolea vyombo vyake barazani. Alilia kidogo, akachukua mtoto wake akaenda. Asha ameshatandika kitanda chake.

Idrisa atapoa. Mwanamume akikasirika kwa jambo lililofaa hudumu siku mbili tatu, mpikie pweza.

Niambie tu tarehe ya kuja. Begi limefungwa. Ule mkanda nimeuweka juu kabisa, nisije nikautafuta uwanja wa ndege.

Mama yako mwenye furaha,
Bi Husna

*

Abu Hamour, Doha
9 Julai 2010

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuuliza hali kwa aibu, maana najua baada ya kusoma hii hali yako haitakuwa nzuri. Mimi na mtoto hatujambo.

Niliahirisha kuandika. Kila nikishika kalamu naiweka.

Ile Ijumaa nilikwenda kwa Umm Rashid nikiwa nimeshaamua. Wallahi nilikuwa nimeamua. Njia nzima nilikuwa nasema kwa Kiarabu, wiki ijayo, wiki ijayo, nisije nikakosea. Asubuhi ile Proscovia alikuwa amekwenda kanisani Mesaimeer, huku hata Wakristo husali Ijumaa, kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe. Nilimkuta njiani anarudi, ameegemea ukuta, anapumzika kila baada ya nyumba mbili, anacheka mwenyewe kwamba amezeeka. Aliniuliza, "Unakwenda wapi na jua hili?" Nikamwambia kliniki. Akasema nisubiri, nikusindikize. Yeye! Anisindikize mimi!

Nilipokaa kwenye lile kapeti na kikombe mkononi, nikasema, "Hatoki mtu kabla ya Idi." Hata sikujua kama ni mimi. Umm Rashid akaniuliza kama nimeelewa maana yake. Nikasema nimeelewa. Nikalia mbele ya watoto wake, aibu iliyoje.

Mama, wale watu hawakuwa na kamati. Kamati yao ilikuwa mimi, nimekaa chini na tumbo langu. Ningesema neno moja, wangetolewa vitu jua la saa sita, na hakuna hata mmoja angejua nani kasema. Ningewezaje kukandwa na wewe ndani ya nyumba hiyo? Kila ndoo ya maji ya moto ningemwona Proscovia.

Umm Rashid ametimiza yake. Amemwita Abdallah, amewapa wote mpaka siku chache baada ya Idi, na kwa muda huu hachukui kodi. Viyoyozi amevitengeneza, maana amesema ni nyumba yake na hataki mtu afie humo. Abdallah hanisalimii. Alimwambia Idrisa, "Mkeo amenivua nguo mbele ya watu." Idrisa akamjibu, "Amekupatia miezi miwili na zaidi." Nilikuwa nyuma ya mbao, nikasikia. Usiku ule ndiyo kwanza akaniuliza mtoto anachezaje.

Kwa hiyo mama hutawahi. Nisamehe. Nilikutaka, na bado nakutaka. Na kuhusu Loice nitasema moja tu, usinikasirikie zaidi: alikuomba mvua ikatike.

Mwanao,
Arafa

*

Abu Hamour, Doha
4 Agosti 2010

Mama,

Shikamoo. Kassim amerudi tena kutoka Tanga, nilimkimbilia mpaka jikoni. Akasema alipita kwako, ulimpa chai, ukamwambia huna barua.

Basi. Nakuuliza hali tu. Goti? Sukari? Mimi nimeanza likizo ya uzazi. Napanga nguo za mtoto, nazipangua, nazipanga tena. Idrisa anasema nitazichakaza kabla hajazivaa.

Nipigie hata kelele kwenye simu. Nimejaribu mara nyingi, Asha anapokea, anasema umetoka. Unatoka wapi na goti hilo?

Mwanao,
Arafa

*

Abu Hamour, Doha
5 Septemba 2010

Mama yangu,

Shikamoo. Najua Asha amekuambia. Alizaliwa Ijumaa ya tarehe ishirini na saba mwezi wa nane, ndani ya Ramadhani, wakati watu wanajitayarisha kufuturu. Mtoto wa kike. Mzima, mama! Mzima kabisa, analia mpaka majirani wa ukuta wa nne wanampigia makofi. Jina bado. Idrisa anauliza kila siku, namwambia bibi yake hajasema.

Nilikuita sana siku ile. Mkunga wa Kifilipino akaniuliza hiyo "mamangu wee" ni dawa gani.

Proscovia ananikanda. Hajui, anakanda kama anayekanda unga, na maji anayachemsha mpaka namkimbia. Nilimwelekeza kwa vile ninavyokumbuka ulivyomfanyia Asha. Tumbo nimefunga na khanga. Uji naupika mwenyewe, pilipili manga ya huku haina ukali. Nakaa kwenye chumba cha mbao, nasikia kila mtu akikohoa, na kila mtu anamsikia mwanangu, na sijawahi kukutamani kama sasa.

Mama, kama umenikasirikia, kasirika. Lakini andika.

Mwanao,
Arafa

*

Abu Hamour, Doha
22 Septemba 2010

Mama,

Shikamoo. Barua hii haiji kwa mtu, inakuja kwa imeili ya binti wa mama mdogo Asha. Nimemwambia akuchapie, akusomee mwenyewe, asiruke kitu.

Wote wametoka. Proscovia amepata chumba kwa mtu wa kanisani kwao, anaweza kubeba mkoba sasa, na mwanangu anambeba zaidi. Wawili walinikumbatia. Wengine walitoka bila kuniaga, nami sikuwasimamisha. Abdallah alikuja kumtazama mtoto, akampa dua, mimi hakunitazama.

Juzi mwana wa Umm Rashid na Idrisa walikwenda pamoja. Mkataba wa mulhaq umeandikishwa kwa jina la Idrisa, una muhuri wa serikali, na safari hii nimeusoma herufi kwa herufi kabla ya kuushika. Mwaka mzima hakuna wa kututoa. Leo viza yako imetoka, nakala iko chini ya barua hii.

Arobaini haijaisha, mama. Zimebaki siku. Kama bado hutaki kuniandikia, usiandike. Njoo.

Mwanao,
Arafa

*

Makorora, Tanga
26 Septemba 2010

Arafa mwanangu,

Marahaba. Mjukuu hajambo? Kifua chake kinapumua vizuri? Hujambo wewe?

Naandika kwa mkono wangu, binti wa Asha ataipiga picha aitume. Uliuliza natoka kwenda wapi na goti hili. Nitakuambia.

Nilipopata ile barua yako ya mwezi wa saba niliitupa chini ya kitanda. Nikasema mtoto huyu kamchagua jirani, mimi kaniacha na begi. Wiki nzima sikuzungumza na mtu. Halafu nikaitoa nikaisoma tena, ikaniudhi zaidi, kwa sababu ya ule mstari mmoja kuhusu mvua. Nilikukasirikia kwa kuwa hukuweza kuwafanyia watu baki nilichomfanyia Loice, aliyekuwa akinichotea maji nikiumwa. Nilimtoa nisafiri, na safari yenyewe ikawa haipo. Asha kwenye chumba cha mbele, begi mlangoni, na mimi nimekaa kama mjinga.

Nikaanza kumtafuta. Chekechea waliniambia ameacha kazi, mtoto aliugua kifua baada ya kulala kwenye baraza ya watu. Nikaenda Ngamiani, nikaenda Mikanjuni, nikaenda Duga. Nimempata mwezi huu, amepanga chumba cha udongo nyuma ya mashine ya kusaga. Mtoto amepona, Mungu mkubwa. Nilimwambia rudi, chumba ni chako. Akanitazama sana. Akasema, "Bi Husna, utaniandikia?" Mimi nikaanza kufunga khanga yangu upya. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, na mimi nilidhani ni kwa sababu wananipenda. Akasema hapana, asante, akarudi kwenye moto wake.

Siku ya pili nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, tukaandika, nikatia saini, nikampelekea. Aliisoma mara mbili pale pale, nimesimama juani. Amesema atafikiri. Sijui kama atakuja. Usidhani nimekuwa mtu mwingine, wale wengine watatu bado hawana karatasi na wakinichelewesha kodi nitawapigia kelele. Lakini iliniuma, Arafa. Iliniuma sana.

Chumba nimekiacha kitupu, Asha amehamia kwangu, ufunguo wa Loice uko kwa mwenyekiti.

Mwambie huyo Proscovia asimwage maji ya moto juu ya mgongo wako kabla sijaja nikamfundisha. Na asiende mbali, nataka kumwona. Jina la mtoto msiseme lolote mpaka nimshike.

Nafika Ijumaa asubuhi. Arobaini itakuwa imebaki kidogo sana. Hicho kidogo ni changu.

Mama yako,
Bi Husna